Unyama wa Nani? Mnyama, Mgeni na Lugha ya Ukatili baina ya Pwani na Ulaya



Suala ninalokusudia kulizungumza leo husikika zaidi mezani, ugenini, kuliko katika kumbi za vyuo vikuu. Mswahili aendaye Ulaya kusoma au kutafuta riziki hakai muda mrefu kabla hajaulizwa, kwa upole au kwa ukali, kwa nini watu wa kwao huwatesa wanyama. Mzungu naye ahamiaye Lamu au Unguja huanza kuhesabu majeraha ya punda kabla hajajifunza kuamkia. Na yule Mswahili, arejeapo nyumbani, huwasimulia wenzake kwa mshangao habari za nchi ambako mbwa huvishwa koti wakati wa baridi, na kuku kwa maelfu hulelewa bandani bila ya kuliona jua hata siku moja. Kila mmoja humwona mwenzake kuwa ndiye asiye na huruma. Nitajaribu kuonyesha kwamba ubishi huu una historia ndefu, kwamba umewahi kutumiwa kuamua nani atawaliwe na nani aishi wapi, na kwamba sehemu yake kubwa imefichika ndani ya maneno.

Naanza na maneno, kwa kuwa ndiyo kazi niliyosomea. Kiswahili hukiita kitendo cha kikatili unyama. Ajabu ya neno hili ni kwamba mnyama, ambaye katika mada yetu ndiye anayeteswa, amefanywa kipimo cha uovu wa yule anayemtesa. Na anayemhurumia punda husifiwa kuwa ana utu. Si Kiswahili peke yake kilicho hivyo; Kiingereza na Kijerumani navyo humfananisha mkatili na mnyama. Lakini majina mengine ya jambo hili hayakuanzia mahali pamoja. Katili na ukatili tumevitoa katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuua. Neno la Waingereza, cruelty, asili yake ni Kilatini, katika ukoo wa maneno yanayotaja kitu kibichi, chenye damu. Wajerumani husema Tierquälerei, na ndani yake mna neno Qual, yaani mateso. Kuua, damu, maumivu: lugha tatu zimeingia nyumba moja kwa milango mitatu.

Sasa tutazame kuua kwenyewe. Msemaji wa Kiswahili aliyeandaa karamu hasemi kuwa ameua mbuzi. Akisema hivyo ataulizwa kama alimgonga kwa gari au alimpiga jiwe. Mbuzi huchinjwa, na kuchinja si aina ya kuua katika fikra za msemaji, bali ni tendo jingine lenye masharti yake: kisu kikali, kisichonolewa mbele ya macho ya mnyama, mnyama mmoja asichinjwe mwenzake akitazama, jina la Mungu litajwe. Aliyekufa pasipo hayo ni kibudu, na kibudu hakiliwi. Kwa hiyo neno ukatili, lililozaliwa katika kuua, halimgusi kabisa mchinjaji anayefuata masharti. Mzungu anayeiona damu ikimwagika uani siku ya Idi huona kile ambacho lugha yake imekiweka katikati ya ukatili; mwenyeji wake huona kile ambacho lugha yake imekitoa nje ya ukatili. Wote wawili wanatazama mbuzi yule yule.

Kuna jambo la sarufi ambalo wanafunzi huniuliza kila mwaka. Mnyama yuko katika ngeli ya watu, na wanyama wote tunawapatanisha kwa upatanisho wa viumbe wenye uhai: paka huyu, ng'ombe wale. Hata mezani tunasema kuku huyu amepikwa vizuri, samaki huyu ana chumvi nyingi. Uhai wa kisarufi haumtoki mpaka aitwe nyama, na hapo husemwa imeiva. Wako waliotaka kuona humu ushahidi kuwa Waswahili wanamheshimu mnyama kuliko mataifa mengine. Mimi siamini hivyo. Sarufi si maadili, na lugha hiyo hiyo ndiyo inayotumiwa na mchukuzi akimpiga punda wake.

Tukitaka kujua pwani ilifikiri nini kuhusu haki ya mnyama, tuna ushahidi ulio bora zaidi. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London mkusanyiko wa hadithi alizozipata Unguja, na miongoni mwake imo hadithi ya Sultani Darai. Wengi wenu mnaijua kwa sura moja au nyingine. Maskini mmoja, aliyezoea kuchakura jaani akitafuta chembe za mtama, anaokota thumuni na kumnunua paa. Paa huyo anasema kama mtu. Anaokota almasi, anampelekea sultani wa mbali kwa jina la bwana wake, anamposea binti wa sultani, anamuua nyoka mwenye vichwa saba na kumpatia bwana wake jumba la kukaa. Kisha paa anaugua. Anamtuma mtumishi mzee kwa bwana wake, na bwana anajibu apikiwe uji wa mtama mwekundu. Mke anamsihi, watu wanamsihi. Yeye hata kwenda kumtazama hataki. Paa anakufa kwa huzuni, anatupwa kisimani. Sultani mkwewe anakuja, anamtoa, anamzika na kufanya matanga. Mwishowe mke anajikuta yuko kwao, na mume anajikuta yuko jaani, anachakura.

Angalieni ni wapi hadithi hii imeuweka ukatili. Hakuna fimbo, hakuna kisu, hakuna damu. Kosa la yule bwana ni kusahau fadhila. Paa ana dai juu yake, na dai hilo halimaliziki kwa kuwa paa ni mnyama au kwa kuwa hana kazi tena. Methali yetu isemayo kuwa fadhila ya punda ni mateke inamlaumu mnyama kwa kukosa shukrani. Msimulizi wa Unguja aligeuza lawama hiyo na kumtupia binadamu. Tena hukumu yake ni nzito kuliko ya mahakama yoyote niijuayo: mtu aliyemnyima mnyama mgonjwa chakula chema anapoteza mke, nyumba na cheo kwa usiku mmoja.

Msimulizi hakuwa peke yake. Kila mtoto aliyepita chuoni anazijua habari mbili za Mtume: ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa kwa njaa, na ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kuteremka kisimani na kumnywesha mbwa mwenye kiu. Wanavyuoni waliyageuza mafunzo hayo kuwa sheria. Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu ambacho wanafunzi wa fiqhi wa madhehebu ya Shafii wamekisoma pwani hii vizazi kwa vizazi, suala la kumlisha mnyama limo katika mlango wa masurufu, pamoja na mke na jamaa. Mwenye mnyama ni lazima amlishe na kumnywesha. Akikataa, hulazimishwa amuuze, amlishe au, ikiwa ni mnyama wa kuliwa, amchinje. Wala asikamue maziwa kiasi cha kumdhuru ndama. Mwanachuoni mwingine wa madhehebu hayo hayo, Izzuddin bin Abdisalaam, aliyefariki mwaka 1262, aliziorodhesha haki za mnyama juu ya binadamu: alishwe hata akizeeka au akiugua asiwe na faida tena, asibebeshwe asichokiweza, wanawe wasichinjwe mbele yake. Anayedhani kuwa maneno haki za wanyama ni tafsiri mpya kutoka Kiingereza na aanze hapo.

Hata hivyo sikuja hapa kuisifu pwani. Kitabu kilikuwa chuoni, na punda alikuwa barabarani. Nani kati yetu hajawaona kuku wamening'inizwa vichwa chini kwenye usukani wa baiskeli, safari nzima kutoka shamba hadi sokoni? Nani hajawaona watoto wakimtupia mbwa mawe, wakiamini kuwa unajisi wa mate yake umewapa ruhusa? Ile habari ya mbwa mwenye kiu wanaijua kwa moyo, na jiwe wanalitupa vile vile. Mwaka 1987 shirika la Kiingereza la kuhifadhi punda lilifungua zahanati yake Lamu, na punda waliofikishwa huko hawakukosa vidonda vya kutibiwa. Mgeni aliyekasirika kwa kuviona vidonda hivyo alikuwa na haki ya kukasirika.

Sasa tuvuke bahari. Uingereza ilipata sheria yake ya kwanza ya Bunge dhidi ya kuwatesa ng'ombe, farasi, punda na kondoo mwaka 1822, kwa juhudi za mbunge Richard Martin, na miaka miwili baadaye kikaundwa London chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Mwaka 1835 sheria ikapanuliwa: kuwachokoza mafahali kwa mbwa na kuwapiganisha majogoo kukapigwa marufuku. Hiyo ilikuwa michezo ya watu wa kawaida. Mchezo wa mabwana, yaani kumwinda mbweha kwa kundi la mbwa, ulingoja mpaka sheria ya 2004 kwa upande wa Uingereza na Wales. Baina ya katazo la kwanza na la pili ni miaka 169. Hata mataifa ya Ulaya yenyewe hayakukubaliana. Waingereza walikataza mbwa kuvutishwa mikokoteni nchini mwao katikati ya karne ya 19, na baada ya hapo wakawalaumu Wabelgiji, ambao mbwa wao waliendelea kuvuta maziwa na mboga hadi karne ya 20.

Kwa wapenzi wa historia ya lugha yetu, Ujerumani ina mvuto wa pekee, kwa sababu ndiko walikokwenda Waswahili wa kwanza kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki kilichoanzishwa Berlin mwaka 1887. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwandishi wa Desturi za Wasuaheli, alifika huko mwaka 1900 na akafia huko huko mwaka 1927. Sheria aliyoikuta ilikuwa kifungu cha 360 cha kanuni ya adhabu ya 1871. Kifungu hicho kilimwadhibu mtu aliyemtesa mnyama hadharani, au kwa namna ya kuwachukiza watu. Someni tena: hadharani, au kwa kuwachukiza. Aliyemtesa mnyama ndani ya ua, mlango ukiwa umefungwa na hakuna jirani aliyesikia, hakuwa na kesi. Kilicholindwa na sheria hiyo, kwa maoni yangu, kilikuwa macho ya mpita njia zaidi kuliko mgongo wa farasi. Na hapa ndipo ninapoona ufunguo wa suala zima. Ulaya ya karne ya 19 ilikuwa inajenga machinjio makubwa pembezoni mwa miji na kuufunga mlango wake. Damu ikaondoka mtaani. Mtu aliyekulia katika mji wa namna hiyo, akija pwani na kuona mbuzi akichinjwa barazani, hufadhaika kikweli. Hana unafiki. Kwao jambo hilo limeondolewa machoni kabla hajazaliwa.

Lakini fadhaa hiyo ilitumiwaje? Mwaka 1892 dola ya Saxony iliamuru kila mnyama azimishwe fahamu kabla ya kuchinjwa, na amri hiyo ikawafungia Wayahudi njia yao mpaka ilipoondolewa mwaka 1910. Tarehe 20 Agosti 1893 Waswisi walipiga kura ya wananchi, ya kwanza kuletwa na wananchi wenyewe chini ya utaratibu mpya wa katiba yao, wakakataza kuchinja bila ya kuzimisha fahamu, kinyume cha ushauri wa serikali yao. Kampeni ilijaa chuki dhidi ya Wayahudi, ingawa walikuwamo watu waliomhurumia ng'ombe kwa moyo safi. Katika Ujerumani ya Hitler, sheria ya kukataza uchinjaji huo ilitolewa Aprili 1933, miezi michache tu baada ya utawala ule kuingia. Na sheria ya jumla ya kulinda wanyama ikatolewa Novemba mwaka huo huo. Utawala uliokuja kuwaua binadamu kwa mamilioni ndio uliofuta sharti la kuwa ukatili uwe hadharani.

Simaanishi kwamba kila anayeuliza juu ya maumivu ya shingo ya mnyama ni mrithi wa watu wale. Swali la maumivu ni swali la kweli, na mchinjaji mwenye kisu butu anavunja sheria yake mwenyewe kabla ya kuvunja ya Wazungu. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ililipima suala hili tarehe 15 Januari 2002 na kumkubalia mchinjaji mmoja Mwislamu wa asili ya Kituruki haki ya kuomba ruhusa maalumu. Mwaka huo huo ulinzi wa wanyama ukaingizwa katika katiba ya nchi. Ubelgiji, wanakoishi wasemaji wengi wa Kiswahili kutoka Kongo na Burundi, ilikwenda njia nyingine: majimbo ya Flanders na Wallonia yalikataza uchinjaji huo mwaka 2019, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikakubaliana nayo Februari 2024. Mswahili wa Antwerp huuliza, nami naliona swali lake ni la haki: kwa nini dakika ya mwisho ya kondoo ilipata sheria mwaka 1893, na maisha mazima ya kuku wa mayai ndani ya kizimba chembamba yakangoja agizo la Umoja wa Ulaya la 1999, lililokamilika kutekelezwa mwaka 2012? Jibu langu ni kwamba dakika ile ilikuwa ya mgeni, na kizimba kilikuwa cha mwenyeji.

Barani kwetu hoja ya ukatili ilivaa vazi la uwindaji. Mkataba wa London wa Mei 1900, uliotiwa saini na madola ya Ulaya yenye makoloni Afrika, ulitaka kubana matumizi ya nyavu na mashimo ya mtego, yaani zana za wenyeji, huku ukiwaweka simba, chui, fisi, mamba na nyoka wenye sumu katika orodha ya wanyama waharibifu wa kupunguzwa. Mkataba wenyewe haukuanza kutumika, kwa kuwa haukuridhiwa na wote, lakini fikra zake ziliingia katika sheria za makoloni. Mshale wa sumu na kitanzi vikaitwa ukatili; bunduki ikaitwa mchezo wa kiungwana. Theodore Roosevelt, aliyekuja Afrika Mashariki mwaka 1909 mara baada ya kuacha urais wa Marekani, aliandika katika kitabu chake hesabu ya wanyama waliouawa na yeye na mwanawe: 512. Alikuwa na leseni. Wawindaji wa Kiwaata wa nyuma ya pwani ya Kenya, waliowinda tembo kwa upinde tangu enzi na enzi, hawakuwa nayo, na katika operesheni ya Tsavo ya miaka ya 1956 na 1957 walikamatwa na kufungwa. Kiswahili kilimwita wa kwanza mwindaji na wa pili jangili. Sisi wenyewe tuliyapokea maneno hayo na kuyatia katika kamusi bila ya kuuliza.

Aliyelieleza jicho la mgeni kwa uaminifu kuliko wote niliowasoma ni Mwingereza. George Orwell alikaa Morocco kuanzia 1938 hadi 1939, na katika insha yake kuhusu Marrakech alikiri kwamba alighadhibika kwa kuwaona punda waliobebeshwa kupita kiasi tangu dakika zake za mwanzo katika nchi ile. Lakini wanawake vikongwe waliopita mbele ya nyumba yake kila siku, wameinama chini ya mizigo ya kuni, ilimchukua wiki kadhaa kuwaona. Kuni alikuwa ameziona. Waliozibeba hakuwaona. Sijui ushahidi mwingine ulio mzito kama huu, kwa kuwa umetolewa na mtu dhidi ya macho yake mwenyewe.

Nimalizie kwa kazi iliyo mbele yetu wana-lugha. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, kwa Kiingereza. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama, na sheria za zamani zinahitaji tafsiri. Wakati huo huo biashara ya ngozi za punda ilituletea katika magazeti maneno machinjio ya punda, ambayo kwa msikilizaji wa pwani yanagongana yenyewe, kwani punda wa kufugwa haliwi na hivyo hana haja ya kuchinjwa. Wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuisimamisha biashara hiyo Februari 2024. Mfasiri wa sheria ya 2008 atakutana na neno la Kiingereza nililoanza nalo, na itambidi achague. Akiandika ukatili, msomaji ataelekea kwenye kuua na kipigo. Akiandika mateso, mwendesha mashtaka atatakiwa athibitishe maumivu. Mimi ningependekeza dhuluma, walau katika vifungu vinavyohusu njaa, kiu na kutelekezwa, kwa sababu dhuluma ni kumnyima mwenye haki kilicho chake. Punda aliyefungwa juani kutwa nzima bila ya maji hakuuawa wala hakupigwa. Neno dhuluma linamfikia, kama lingemfikia yule paa aliyepewa uji wa mtama mwekundu.